Kufua Isiolo: Jua lipo tele, kazi ni maji

MGENI anayehamia Isiolo kutoka nyanda za juu za Nyeri hufurahi siku za kwanza, maana nguo anayoanika asubuhi huwa kavu kabla ya chai ya saa nne. Miezi michache baadaye, shati jeupe la mtoto huwa limeingia umanjano, leso imekakamaa na buibui jeusi limekuwa la kijivu. Hapo huilaumu sabuni.

Chanzo hasa ni maji, vumbi na jua lile lile alilolisifu.

Maji ya visima vingi katika maeneo makavu ni magumu, yaani yamebeba madini ya kalsiamu na magnesiamu kutoka ardhini. Madini hayo hushikana na sabuni ya mche, yakafanya utando usioyeyuka. Povu hukataa kutoka, mfuaji huongeza sabuni, na utando hubaki kwenye nyuzi ukiushika uchafu. Ndio unaoifanya nguo kukakamaa.

Dawa yake ya asili imo humu humu nchini. Magadi, ambayo yamechimbwa kwa biashara katika ziwa la jina hilo kule Kajiado tangu mapema karne ya 20, huyatenga madini hayo na maji. Tia kijiko kimoja kikubwa cha magadi yaliyosagwa katika mtungi wa lita 20, koroga, acha yatuame, kisha mimina maji ya juu ndipo utie sabuni. Usiyatumie kwa sufu wala hariri, kwani huziharibu. Asiyekuwa na magadi atumie sabuni ya unga, ambayo haishindwi upesi na maji magumu.

Wanaochota mtoni wana shida nyingine. Jina Ewaso Nyiro lenyewe, katika lugha ya Wasamburu na Wamaasai, hutaja maji ya rangi ya udongo. Maji hayo yaachwe yatulie usiku kucha kabla ya kufulia nguo nyeupe.

Vumbi nalo liondolewe nguo ikiwa bado kavu. Ikung'ute vizuri nje, kwa kuwa vumbi likilowa huwa tope na kupenya ndani ya nyuzi. Nguo yenye jasho isilazwe siku nyingi, kwani chumvi na mafuta ya mwili huacha madoa yasiyotoka.

Kuhusu jua, miali yake huua viini, hivyo nepi, taulo na mashuka huanikwa juani. Lakini miali hiyo hiyo huvunja rangi. Buibui, kikoi na sare za shule zigeuzwe nje ndani na kuanikwa kivulini. Katika hewa kavu ya Isiolo, hata kivulini hazichelewi kukauka. Ziondolewe kambani mara zinapokauka, kabla upepo haujazirudishia vumbi.

Siki kidogo katika maji ya mwisho ya kusuuza hulainisha nguo. Onyo ni kwamba siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, kwani hutoa gesi yenye sumu.

Lililo zito zaidi ni kiasi cha maji. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kaskazini mwa Kenya. Katika nyakati kama hizo, mtungi wa kufulia ni mtungi ulionyimwa sufuria au mbuzi. Basi maji ya sabuni yaanzie kwa nguo nyeupe, yaende kwa za rangi, yamalizie kwa matambara na sakafu. Ya kusuuza yahifadhiwe kwa ufuaji unaofuata.

Tena kufua kufanyike mbali na ukingo wa mto. Povu linaloachwa mjini huteremka na maji, na huko chini, kuelekea Merti, wapo watu na mifugo wanaoutegemea mto huo kwa kunywa.