Stelingi Hafi, na Ubishi Mwingine wa Bandani

Katika banda la video la miaka ya 1990, mahali pabaya pa kukaa palikuwa ubavuni mwa mtu aliyeiona picha jana. Benchi la mbao, televisheni moja imepandishwa juu, deki inanguruma, joto limewashika watu, na huyo bwana hanyamazi. "Mwangalieni adui, anatokea nyuma." Adui anatokea nyuma. "Hapo anadhani ameshaua." Nusu ya banda inamzomea. Nusu nyingine inamsogelea kimyakimya ili ijue mapema.

Kelele hizo zilikuwa na kanuni zake, na kanuni kuu ni kwamba stelingi hafi. Neno lenyewe limetoka kwenye maandishi ya Kiingereza yanayotangaza waigizaji wakuu picha inapoanza. Mtaani likageuka kuwa jina la shujaa. Anayepambana naye ni adui, hata awe mfanyabiashara mwenye tai. Katika Commando ya mwaka 1985, Arnold Schwarzenegger anavamia kisiwa kizima peke yake kumwokoa binti yake aliyetekwa. Risasi zinamiminika, na bandani hakuna anayemwonea huruma. Watu wanabishania jambo jingine kabisa: huyu akikutana na Rambo, nani zaidi? Swali hilo limekula mapumziko ya shule yasiyo na idadi.

Kwa kanuni hiyo, Titanic ya James Cameron ilikuwa dhuluma. Ilitoka mwaka 1997, na mwisho wake Jack anakufa kwa baridi baharini huku Rose akiwa amelala juu ya ubao. Dunia nzima ikalishikia bango swali moja: ubao ule usingewatosha wawili? Ubishi ulidumu robo karne. Februari 2023, katika kipindi cha National Geographic, Cameron mwenyewe alionyesha jaribio: watu wawili wenye maumbo kama ya Kate Winslet na Leonardo DiCaprio, walioigiza Rose na Jack, waliingizwa kwenye maji ya baridi na kupewa ubao wa mfano. Katika namna mojawapo ya kujipanga, ikaonekana kwamba Jack huenda angepona. Ni nadra mashabiki kumrudisha mwongozaji majini baada ya miaka 25, na wabishi wa bandani wana haki ya kudai sehemu yao ya ushindi.

Lakini si kila mjadala ni wa nani anampiga nani. Kabla ya deki kulikuwa na majumba ya sinema, na katika miaka ya 1950 watu wa Zanzibar na Dar es Salaam walifurika kuitazama Awaara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951. Hakimu anamfukuza mkewe mjamzito kwa shaka tu, baada ya mke huyo kutekwa na jambazi. Anaamini mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Mtoto anakulia mitaani, anakuwa mwizi kweli, kisha anapendana na mwanasheria anayesimama kumtetea mahakamani. Mwanahistoria Laura Fair, ambaye mwaka 2018 alitoa kitabu cha Reel Pleasures kuhusu watazamaji wa miji ya Tanzania, amekusanya kumbukumbu za watu wa zama hizo. Wengi hawakujua Kihindi. Hata hivyo walitoka ukumbini wakiwa na la kusema: mapenzi ni nini, mzazi ana haki gani ya kumchagulia mtoto mwenza. Swali ambalo binti asingethubutu kumuuliza baba yake aliweza kuliuliza kwa kisingizio cha picha.

Kisha akaja mtu aliyeigeuza tabia ya kuongea katikati ya picha kuwa kazi. Dar es Salaam inamfahamu kwa jina la Lufufu. Alishika maikrofoni na kuzisimulia kwa Kiswahili filamu za Marekani, za Hong Kong, za India na za Nigeria, kwanza mbele ya watazamaji, baadaye kwenye kanda zilizouzwa. Hakutafsiri neno kwa neno. Alieleza, alitania, alimsuta mhusika aliyekosea, akatoa na maoni yake humohumo. Mtafiti Matthias Krings aliyeichunguza sanaa hiyo aliipa makala yake jina linalozungumzia wali kugeuzwa pilau, na mlaji yeyote wa pwani anajua tofauti. Kenya ikampata DJ Afro. Uganda ina wasimulizi wake, na filamu Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, iliyotengenezwa na Isaac Nabwana huko Wakaliga, Kampala, imependwa mpaka ng'ambo pamoja na sauti ya VJ Emmie anayemshangilia kila anayerusha teke. Ukiiondoa sauti hiyo, kinachobaki ni wali.

Lakini ipo hasara. Msimulizi anaogopa ukimya. Uso wa mwanamke anayefikiri kwa nusu dakika bila kutamka neno utajazwa mzaha, na mtazamaji hatajua kwamba kulikuwa na kitu pale.

Filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ina nyakati kama hizo nyingi. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, mwaka uliofuata ikatwaa tuzo kuu ya tamasha la Carthage, na mwaka huohuo Tanzania ikaipeleka kushindania Oscar, jambo ambalo haikuwa imelifanya tangu Maangamizi ya mwaka 2001. Ni hadithi ya Zanzibar ya miaka ya 1950: Yasmin aliyeikimbia ndoa ya mzee, na Denge anayepambana na ukoloni. Imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, ambayo wanafunzi wengi wa Tanzania wameisoma shuleni, wengine kwa ajili ya mtihani tu. Riwaya nene ikibanwa kwenye saa moja na nusu, lazima kuna watu na matukio yanayobaki nje.

Kwa hiyo yule bwana wa benchini amerudi, safari hii akiwa na kitabu. Taa zikizimwa anavumilia dakika kumi, kisha anainama sikioni mwa jirani yake: "Kwenye kitabu si hivi."

Jirani anamwomba anyamaze. Kisha anauliza: "Ehe, kwenye kitabu inakuwaje?"