Umeme usiopotea: kwa nini wanasayansi wanaujaribu kwa sumaku?

Shika chaja ya simu yako baada ya kuchaji kwa nusu saa. Ina joto, siyo? Joto hilo ni umeme uliopotea. Umeulipia, lakini haukuingia kwenye simu.

Kuna vitu ambavyo umeme hupita ndani yake bila kupotea hata kidogo. Vinaitwa superkondakta. Heike Kamerlingh Onnes wa Uholanzi aliigundua hali hiyo mwaka 1911 kwenye zebaki, alipoipoza hadi kama nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri. Na tatizo ndilo hilo: zinahitaji baridi kali mno.

Gundi isiyojulikana

Siri ya superkondakta ni kwamba elektroni zake hutembea mbili mbili. Kwa zile za kawaida, kama zebaki, tunajua kinachoziunganisha: mtikisiko wa atomi. Maelezo hayo yalitolewa mwaka 1957.

Halafu mwaka 1986, Georg Bednorz na Alex Müller, waliokuwa wakifanya kazi Uswisi, wakagundua kwamba aina fulani ya kauri yenye shaba nayo ni superkondakta. Mwaka uliofuata walipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka huohuo ikapatikana kauri nyingine inayofanya kazi kwa nyuzi 180 chini ya sifuri. Bado ni baridi, ila kuifikia ni rahisi zaidi.

Lakini mtikisiko wa atomi peke yake hautoshi kuzieleza kauri hizi. Basi gundi yake ni nini? Mpaka leo wanasayansi hawajakubaliana.

Mshukiwa mkuu: spini

Kila elektroni ina tabia inayoitwa spini, inayoifanya iwe kama kisumaku kidogo sana. Kwenye kauri hizi, visumaku jirani hupenda kupishana: kimoja kinaelekea juu, cha pili chini. Ukikigusa kimoja, jirani yake anatikisika, na wimbi linasafiri, kama mashabiki uwanjani wanaposimama na kukaa kwa zamu.

Mawimbi hayo huonekana kwa kurusha nyutroni ndani ya kauri. Nyutroni nayo ni kama kisumaku, kwa hiyo nishati inayopoteza humo ndani inaonyesha ni wimbi gani limeguswa.

Mwaka 1991 kikaonekana kitu cha ajabu. Kauri ikishapoa na kuwa superkondakta, sehemu ya mawimbi hayo hujikusanya na kuwa mtikisiko mmoja mkali, wenye nishati yake maalumu. Je, huo ndio unaoziunganisha elektroni?

Hapo ndipo sumaku inapoingia

Sumaku kali ni adui wa superkondakta. Kwenye kauri hizi nguvu yake hupenya kama nyuzi nyembamba, na katikati ya kila uzi hali ya umeme kutopotea inakufa. Hoja ya wanasayansi ni rahisi: mdhoofishe mmoja, uone kama mwenzake naye anadhoofika.

Mwaka 2000, Pengcheng Dai na wenzake nchini Marekani walitumia sumaku ya tesla 6.8. Mashine nyingi za MRI hospitalini zina tesla 1.5 au 3. Mtikisiko ule ulipungua nguvu. Walipoielekeza sumaku sambamba na matabaka ya shaba, upande ambao haiisumbui sana superkondakta, mtikisiko nao haukubadilika sana. Yaani viwili hivi vinakwenda pamoja.

Mwaka 2001, Bella Lake na wenzake walichunguza kauri nyingine yenye shaba kwa sumaku ya tesla 7.5. Wao waliona kitu tofauti: mitikisiko ya polepole ilijitokeza katika nishati za chini ambako bila sumaku kulikuwa kimya. Ni kama usumaku ulikuwa umejificha, ukisubiri superkondakta idhoofike ili utokeze.

Je, kesi imekwisha?

Bado. Jogoo huwika alfajiri, lakini asipowika kutakucha tu. Mitikisiko ya spini inaweza kuwa ndiyo gundi, au ikawa ni matokeo tu ya elektroni kuungana. Sumaku imeonyesha kwamba vina uhusiano wa karibu. Haijaonyesha kipi kinaanza.

Inakuhusu nini?

Mashine nyingi za MRI zina nyaya za superkondakta ya kawaida zinazopozwa kwa heliamu iliyogeuzwa kimiminika, na heliamu ni ghali. Gundi ya kauri ikijulikana, wataalamu wanaweza kuacha kubahatisha na kuanza kubuni vitu vinavyohitaji baridi kidogo na kuhimili sumaku kali. Kwa sasa bado wanatafuta kwa kujaribu hiki na kile.