Mzazi Hafutiki: Filamu ya Transamerica na Kifungo cha Familia

Zamani, mkazi wa Uroa aliyetaka kutazama filamu alifunga safari kupitia Chwaka na Dunga hadi Mji Mkongwe, katika sinema ya Majestic kule Vuga. Leo filamu humfuata alipo, kwenye simu ya mkononi, usiku baada ya zamu ya hotelini. Kwa njia hiyo huwafikia waamini wetu hadithi ambazo hawajapata mtu wa kuzizungumza naye. Mojawapo ni ile ya mzazi aliyebadili jinsia na mwana aliyekuwa akimtafuta baba. Tumeona inafaa tuieleze kwa utulivu, kwa maana inagusa familia, na familia ni Kanisa la nyumbani.

Filamu hiyo ni Transamerica, ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Duncan Tucker wa Marekani. Mhusika mkuu ni Bree, anayeigizwa na Felicity Huffman, aliyeteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Bree alizaliwa mwanamume akaitwa Stanley. Sasa anaishi Los Angeles kama mwanamke, na amebakiza siku chache kufanyiwa upasuaji. Ghafla anapigiwa simu kutoka New York: kijana wa miaka 17, Toby, yuko mahabusu, naye anamtafuta baba yake. Bree hakujua kwamba alikuwa na mtoto. Mshauri wake anakataa kutia saini kibali cha upasuaji mpaka akabiliane na jambo hilo.

Bree anakwenda kumtoa kijana, lakini hasemi yeye ni nani. Anajifanya mmisionari anayewasaidia vijana waliopotoka. Wanapanda gari wakavuka nchi nzima, mashariki hadi magharibi. Njiani tunafahamu kwamba mama yake Toby alijiua, kwamba baba wa kambo alimdhulumu, na kwamba kijana amekuwa akiuuza mwili wake. Tuwaonye wasomaji: filamu hii ina uchi, dawa za kulevya na lugha chafu. Haifai kwa watoto, na mtu mzima naye aitazame kwa busara.

Hapa kuna jambo ambalo mtazamaji wa haraka hulipita. Toby anagundua mapema kwamba mwenzake wa safari alizaliwa mwanamume, anakasirika kwa kufichwa, lakini safari inaendelea. Kinachomvunja kabisa kinatokea Phoenix, nyumbani kwa wazazi wa Bree, anapotambua kwamba mtu huyo ndiye baba aliyemtafuta, naye alinyamaza njia nzima. Anamrushia ngumi na kuondoka. Baadaye Bree anafanyiwa upasuaji aliousubiri kwa muda mrefu, na bado analia, kwa kuwa mwana amekwenda. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Kiswahili chetu kinatusaidia kulielewa jambo hili. Neno “mzazi” halitaji mume wala mke, linamtaja aliyezaa. Bree aliweza kubadili jina, mavazi na hata mwili, lakini hakuweza kuacha kuwa mzazi wa Toby. Alipojificha nyuma ya vazi la umisionari, alilitumia jina la dini kukwepa wajibu ambao Mungu mwenyewe alimpa. Amri ya nne haiwafungi watoto peke yao. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kuanzia namba 2221, inaeleza pia wajibu wa wazazi kwa watoto wao.

Kanisa linafundisha nini kuhusu kubadili jinsia? Tamko Dignitas Infinita, lililotolewa mwaka 2024 na Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa kwa idhini ya Papa Fransisko, linasema mambo mawili yasiyotenganishwa. Kwanza, mwili ni zawadi tunayoipokea, tumeumbwa mume na mke, na kuingilia kati ili kubadili jinsi kunahatarisha hadhi ya pekee ambayo mtu ameipokea tangu kutungwa mimba. Pili, hadhi ya kila mtu haina kikomo, hivyo kumshambulia, kumpiga au kumbagua mtu isivyo haki ni kosa. Tarehe 31 Oktoba 2023 Baraza hilohilo lilijibu kwamba mtu aliyebadili jinsia anaweza kubatizwa kwa masharti yaleyale ya waamini wengine, mradi pasiwe na hatari ya kuleta kashfa au mkanganyiko. Kanisa halikubadili mafundisho yake juu ya mwili, wala halikumfungia mtu huyo mlango.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya Ulaya na Marekani. Lakini nchini Kenya, Audrey Mbugua alikwenda mahakamani ili jina libadilishwe katika cheti chake cha shule, na mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamua kwa upande wake. Filamu ya kweli The Pearl of Africa, ya mwaka 2016, inasimulia maisha ya Cleopatra Kambugu wa Uganda. Hao ni watoto wa familia za Afrika Mashariki, wana wazazi na ndugu.

Turudi Phoenix. Mama yake Bree anampokea mjukuu kwa furaha na kumtaka abaki kwake, huku mtoto wake wa kumzaa akimtazama kwa karaha. Kosa hilo linaweza kutokea Uroa pia. Mzazi akisikia habari ya namna hii juu ya mwanawe, jambo la kwanza linalomjia ni aibu: majirani watasema nini, jumuiya itasema nini? Tunawasihi: msimfukuze mtoto nyumbani. Kijana aliyefukuzwa huokotwa na watu wa aina ile iliyomwokota Toby. Mwambieni kweli ya imani yenu bila matusi, mpeni chakula, mtafuteni padre kwa siri. Nasi wanajumuiya tuzuie ndimi zetu.

Na kwa wazazi tuliokuja kutoka bara kutafuta kazi pwani hii, tukawaacha watoto kwa bibi zao: nasi tunaweza kujificha, kwa kutopiga simu, kwa kusema “kesho”, kwa kuanza maisha mapya kana kwamba ya kwanza hayakuwapo. Mwishoni mwa filamu Toby anabisha hodi, na Bree anamfungulia. Baba wa mwana mpotevu katika Injili ya Luka hakungoja hata hodi. Alimwona mwanawe angali mbali, akamkimbilia. Tumwombe Mungu atujalie moyo huo, tuwatafute watoto wetu kabla hawajachoka kututafuta.