Lugha ya Ombi na Haki ya Mtoaji: Maombi ya Fedha za Kuhifadhi Wanyama

Ombi la msaada ni utungo wenye kusudi moja, nalo ni kumfanya msomaji atoe fedha. Kwa sababu hiyo, kila neno na kila picha iliyomo huchaguliwa kwa kuzingatia athari yake moyoni. Hilo peke yake si kosa. Mhubiri na mshairi nao huchagua maneno yenye kugusa. Linalofaa kuulizwa ni kama mguso huo walingana na ukweli, na kama mtoaji aelewa fedha zake ziendako.

Mfano mashuhuri ni wa Oktoba 1961. Gazeti la Daily Mirror la Uingereza lilitoa katika ukurasa wake wa kwanza picha ya kifaru, likatangaza kwamba kiumbe huyo atatoweka duniani kwa tamaa na uzembe wa binadamu. Baada ya siku chache, wasomaji walikuwa wametuma pauni zipatazo 60,000 kwa World Wildlife Fund, iliyoanzishwa mwaka huo huo. Wakati huo vifaru weusi wa Afrika walikadiriwa kufikia 100,000. Kwa kipimo cha siku zile, basi, tangazo lilitia chumvi. Hata hivyo, kufikia mwaka 1970 walikadiriwa kuwa 65,000, na mwaka 1995 walikuwa wamebaki chini ya 2,500. Leo wamezidi 6,000.

Takwimu hizo zafunza mambo mawili. Kwanza, kutia chumvi si sawa na kusema uongo: hatari ilikuwapo, ingawa ilielezwa kana kwamba ilikwisha kufika mlangoni. Pili, ahadi iliyofichika ndani ya ombi, yaani kwamba fedha zikitolewa mnyama ataokoka, ndiyo iliyokuwa dhaifu. Michango ilitolewa, na vifaru wakaendelea kuuawa, kwa kuwa bei ya pembe huko Yemen na Asia ya Mashariki ilikuwa na nguvu kuliko huruma ya msomaji wa London.

Chombo kingine cha maombi ni sitiari. Mashirika mengi ya Ulaya na Marekani humwalika mtu amlee ndovu au simba kama vile mtu apangavyo mtoto. Mtoaji hupelekewa cheti na picha, na pengine mwanasesere. Lakini mnyama mmoja huweza kuwa na “wazazi” maelfu, na mara nyingi fedha huingia katika kazi za jumla za shirika. Maelezo hayo kwa kawaida huchapishwa, ila kwa herufi ndogo. Hivyo herufi kubwa hudai udugu, na herufi ndogo huukana.

Kwa upande wa udanganyifu mtupu, miaka ya karibuni imeleta filamu fupi za “uokoaji” katika mitandao. Mtoto wa mbwa au paka huwekwa makusudi mbele ya chatu, kisha aliyemweka hujitokeza kumwokoa na kuomba mchango. Hapa hapana chumvi tena. Mateso yenyewe yamegeuzwa bidhaa.

Aina ya tatu ya upotoshaji ni kimya. Katika maombi mengi ndovu wa Kenya huonyeshwa nyikani, asiwepo mtu karibu naye isipokuwa jangili. Mkulima wa Taita Taveta ambaye shamba lake limekanyagwa usiku mmoja haonekani. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama, jambo linaloonyesha kwamba Serikali yenyewe ilitambua uzito wa gharama hiyo. Ombi lisilomtaja mkulima huenda lisiwe na neno hata moja la uongo, na bado likamdanganya msomaji.

Yafaa, basi, mtoaji aulize maswali matatu: Idadi inayotajwa ni ya mwaka gani, na ilihesabiwa na nani? Fedha zitamhudumia mnyama aliye pichani, au kazi nyingine? Na ni nani anayeishi na mnyama huyo, ambaye hakutajwa? Shirika lenye nia njema halitaudhika kwa maswali hayo. Wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Lakini imani ya watoaji ikivunjwa na mwongo mmoja, anayekosa mshahara ni askari wa wanyama ambaye hakumdanganya mtu.