Presha na funga ya Ramadhani: dawa zisiachwe

Ndugu Waislamu wa kambi, kila Ramadhani sisi wahamasishaji wa afya tunakuta jambo lile lile tunapopita nyumba kwa nyumba: mgonjwa wa presha amefunga, na vidonge vyake amevifungia sandukuni mpaka Idi. Mama mmoja wa kijiji chetu alifanya hivyo. Alijisikia mzima kabisa. Siku ya tisa mkono ukalegea, mdomo ukapinda, tukambeba hospitali. Sasa anatembea kwa fimbo.

Presha ya juu mara nyingi haina dalili, kwa hiyo kujisikia vizuri si kipimo. Kipimo ni mashine: ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, siku mbalimbali, wewe ni mgonjwa.

Funga yenyewe si adui. Mtu ambaye presha yake imetulia na anameza dawa, kwa kawaida hufunga bila madhara, na wengine presha hushuka kidogo. Kinachodhuru ni kuacha dawa, na maji kupungua mwilini. Hapa kwetu tunafunga muda wa saa 13 hivi, na foleni ya bomba iko juani.

Dawa zinaweza kufuata saa za funga. Kidonge kimoja cha amlodipini hufanya kazi saa 24, basi chaweza kumezwa wakati wa kufuturu. Vile vidonge vinavyokojoza visimezwe wakati wa daku, maana vitakutoa maji mchana kutwa na ukisimama utapata kizunguzungu. Lakini usijipangie mwenyewe. Nenda zahanati na kadi yako wiki mbili au tatu kabla mwezi haujaandama, mganga akupangie. Anayemeza mara tatu kwa siku aende mapema zaidi, pengine atabadilishiwa dawa.

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku nzima, na dagaa wa chumvi waloweke kwanza, maji yale yamwagwe.

Mwenye presha isiyoshuka, aliyepata kiharusi karibuni, mgonjwa wa moyo au figo, na mjamzito mwenye presha, wasifunge kabla ya kumwona mganga. Mgonjwa ameruhusiwa na dini kula na kulipa siku nyingine. Asiyetarajia kupona hulisha maskini. Kwa hilo mwulizeni sheikh.

Ukiona mdomo umepinda, ulimi mzito, au kifua kinabana, usingoje adhana ya magharibi, hata kama zimebaki dakika tano. Mgonjwa apelekwe hospitali hapo hapo.