Juma Moja la Amana Milimani Usangi

Wako watu wanaodhani ya kuwa amana ni fedha tu, au dhahabu iliyofungwa kitambaani na kuwekwa sandukuni. Sisi nasi tulikuwa tukidhani hivyo, mpaka likizo ya mwezi wa Juni tulipoitwa na ami yetu kwenda kumlindia nyumba yake huko Usangi, katika milima ya Upare ya Kaskazini. Yeye na mkewe walikuwa na harusi ya mjukuu wao Dar es Salaam, wala hawakupenda nyumba, mbuzi na bustani vikae juma zima bila mtu. Sisi ni watu wa Pangani, tuliozoea joto na upepo wa bahari. Tukaona hii ni kheri mbili kwa safari moja: kumsaidia mzee wetu, na kuwaonyesha watoto nchi wasiyoijua.

Tuliondoka alfajiri ya Jumamosi, tukapita Muheza, Segera na Korogwe, kisha Mombo, ambapo milima ilianza kututazama kwa upande wa kulia na isituache tena. Upande wa pili ilikuwako reli ya kale, ile iliyoanza kujengwa Tanga wakati wa Wajerumani na kufika Moshi mwaka 1911. Tulipofika Same tuliwaambia watoto ya kuwa hapa ndipo walipokusanyika maelfu ya watu wa Upare mwaka 1945, wakakaa kwa subira kubwa kuipinga kodi iliyoitwa mbiru. Nyuma ya milima hiyo iko Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu mwaka 1951 na kufanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008, wanakotunzwa vifaru weusi. Kutoka Same tukaenda Mwanga, makao ya wilaya iliyozaliwa mwaka 1979 ilipogawanywa Wilaya ya Pare. Hapo tukapanda gari jingine, likaanza kupinda na kupanda, na kila pindo joto likapungua, hata mama watoto akafungua mzigo kutafuta masweta.

Ami alitupokea kwa furaha. Baada ya chakula alitukabidhi funguo, akatupa na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mzuri wa mwalimu mstaafu. Mambo yalikuwa sita. La kwanza, milango ifungwe kabla ya magharibi. La pili, kuku wahesabiwe. La tatu, mbuzi wawili wakatiwe majani, na kijana wa jirani angetusaidia. La nne, jiko lisiachwe na moto. La tano, mgeni akija asiondoke bila ya kupewa chochote. La sita, “Alhamisi baada ya sala ya alfajiri ni zamu yetu ya maji mpaka saa mbili, baada yetu ni Bibi jirani.” Tukasoma, tukaikunja karatasi, tukaiweka juu ya kabati. Jumapili kabla ya mapambazuko wakaondoka. Nasi, kwa kuwa tulikuwa tumenuia kukaa zaidi ya siku nne, tukasali kamili bila ya kupunguza, kwa kufuata madhehebu ya Imamu Shafii.

Asubuhi ile ile Bibi jirani alibisha hodi na bakuli la makande, mahindi na maharage yaliyoiva vizuri pamoja. Ni mwanamke mzee, mjane, anayeishi peke yake ng’ambo ya mfereji. “Karibuni, wanangu,” alisema. “Mkikwama na jambo, niiteni tu. Mimi si mbali.” Watoto wakamla makande yake wakalamba na bakuli.

Siku tatu za mwanzo zilikuwa za raha tupu. Tuliamka kwa ukungu, tukanywa chai kando ya jiko, tukatembea katikati ya migomba na mibuni. Jumatatu tulipelekwa na kijana yule mpaka ukingoni mwa msitu wa Kindoroko, ambao kilele chake chapita mita 2,100 na ndicho kirefu kuliko vyote katika Upare ya Kaskazini. Humo hewa ni baridi, miti imevaa kuvu, na kila bonde lina sauti ya maji. Alitueleza pia habari za Ugweno, jirani na Usangi, ambako ukoo wa Washana ulisifika tangu kale kwa kuyeyusha na kufua chuma, hata Wachaga wa Kilimanjaro wakapata chuma chao kutoka Upare.

Njiani kurudi alituonyesha ndiva. Ni bwawa dogo lililojengwa kwa udongo na mawe, urithi wa wazee wa Kipare wa zamani. Kijito huachwa kijaze ndiva usiku kucha, na asubuhi tundu lake hufunguliwa, maji yakashuka kwa nguvu katika mfereji na kufika mashamba ambayo kijito chenyewe, kwa udogo wake, kisingeyafikia. Kila nyumba ina zamu yake, na yuko mzee anayesimamia. Ukikosa zamu, maji hayakungoji. Yanakwenda kwa mwenzio. Tulistaajabu kwa hekima ile, tukasema “Masha’Allah”, tukaendelea na njia. Laiti tungalitia akilini kile tulichokisifu kwa ulimi!

Jumanne tulishuka Mwanga, tukaenda kulitazama bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960. Hapo hukusanyika maji ya mto Ruvu na mto Kikuletwa, na mitambo yake huweza kutoa umeme wa megawati 8. Nchi yote kando yake ni kavu, ya miiba na vumbi, nalo bwawa limelala katikati kama kipande cha bahari. Watoto wetu wa pwani walifurahi kuona ngalawa na nyavu, tukanunua perege.

Siku ya Jumatano tulipatana na mwenye gari atupeleke Ziwa Jipe. Akasema lazima tuondoke Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, ama sivyo apate abiria wengine. Mama watoto alikumbuka karatasi, akauliza, “Na maji ya bustani?” Baba akajibu, “Mboga hazitakufa kwa siku moja. Tukirudi tutazimwagilia kwa ndoo.” Twaandika maneno haya kama yalivyosemwa, wala hatuyapambi.

Ziwa Jipe liko mpakani, nusu yetu na nusu ya Kenya, na ng’ambo yake ni hifadhi ya Tsavo Magharibi. Limezungukwa na matete mengi mno, hata pengine mtu hulisikia ziwa kabla ya kuliona. Mvuvi mmoja alitueleza ya kuwa tope linaloshuka kutoka milimani na hayo matete yanazidi kulibana, na ya kuwa humo yumo perege anayeitwa kwa jina la ziwa lenyewe. Kisha akachora mchangani kwa fimbo: maji yatoka Kilimanjaro kwa mto Lumi, yaingia Jipe, yatoka kwa mto Ruvu, yaenda Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo ni mto Pangani, wenye mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani, mpaka baharini.

Binti yetu mkubwa akaruka kwa furaha. “Kumbe haya ni maji ya kwetu!” Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Basi watu wa juu wakiyapoteza, sisi wa chini tutapata nini?” Baba akamsifu kwa swali lake, akamwambia ya kuwa kila aliye juu ana deni kwa aliye chini.

Tulirudi Usangi karibu na magharibi. Tulipopita bustanini tukaona ajabu: kabichi na nyanya za ami zimelowa vizuri, udongo ni mweusi. Ng’ambo ya mfereji, maharage ya Bibi yalikuwa yamelegea na udongo wake mkavu. Tukamwuliza kijana wa mbuzi. Akatazama chini, akasema Bibi aliona maji yanapita bila ya mtu, akaja na jembe lake, akayageuzia bustani ya mzee. Amekwenda polepole kwa ajili ya magoti yake, na alipomaliza na kurejea kwake, muda wake nao ulikuwa umekwisha na maji yamekwenda kwa watu wa chini.

Hatukuweza kula chakula cha usiku ule kabla ya kwenda kwake. Baba akaanza kuomba radhi, na maneno yakamshinda. Bibi akatukalisha. “Wanangu,” alisema, “mzee alipoondoka alinipitia. Akaniambia, wale ni wageni, niangalizie. Basi nami nilikuwa na amana yangu.” Hakutulaumu hata kwa neno moja, na hilo lilituuma zaidi kuliko lawama.

Asubuhi tulimwendea mzee wa ndiva, tukamwomba Bibi apewe saa moja ya ziada. Akatusikiliza kwa adabu, akajibu kwamba haiwezekani. Saa hiyo ni haki ya mtu mwingine, na kosa la mmoja halilipwi kwa mali ya mwenzio. Tukaona amesema kweli. Basi tukachukua ndoo. Ijumaa asubuhi, na tena baada ya sala ya Ijumaa na alasiri, na Jumamosi kutwa, baba, mama na watoto tulishuka kijitoni na kupanda na maji vichwani, mstari kwa mstari, mpaka maharage yale yakasimama. Matembezi tuliyoyapanga kwa siku hizo tuliyafuta, wala hakuna mtoto aliyenung’unika.

Usiku, tulipokuwa tukisugua mabega, tulizungumza juu ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Watu wa Makka walimwita Al-Amin hata kabla ya Utume, na alipohama mwaka 622, huku wamekusudia kumwua, alimwacha Sayyidna Ali nyuma azirudishe amana za watu kwa wenyewe. Tukakumbuka pia ile hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, ya Zubayr na mtu wa Ansari walioshindana juu ya mfereji wa Harra huko Madina. Mtume alimwelekeza Zubayr anyweshe kwanza, kisha ayaachilie maji yaende kwa jirani yake. Hadithi hii tulikuwa tumeisikia mara nyingi misikitini. Maana yake tuliipata tukiwa na ndoo kichwani.

Jumapili jioni ami alirejea. Tulimkabidhi funguo, tukamhesabia kuku, wote watimilifu. Kisha, kabla hajatoka kuitazama bustani, tukamweleza habari ya Alhamisi yote, kwani kurudisha amana iliyotiwa dosari na kuificha dosari yake ni khiyana ya pili. Akakaa kimya kitambo, akaitwaa karatasi yake juu ya kabati, akaitazama. “Kosa ni langu pia,” akasema. “Neno la sita ndilo ningeliandika la kwanza. Nyumba ina kufuli. Maji hayana.” Kisha akachukua bakuli la Bibi, tulilokuwa hatujalirudisha, akalijaza tende za harusini, akampa binti yetu alipeleke.

Ndugu wasomaji, siku hizi jamaa wengi husafiri, na kuachiana nyumba kumekuwa jambo la kawaida. Twawanasihi, hasa vijana, ya kuwa anayekabidhiwa nyumba hakabidhiwi kuta na bati tu. Hukabidhiwa pia jirani wa mwenye nyumba, zamu zake, salamu zake na jina lake jema. Ulizeni mapema: nani anategemea nyumba hii? Andikeni siku na saa, na karatasi ibandikwe ukutani, isikunjwe. Na matembezi yafuate amana, isiwe amana ndiyo inayofuata matembezi.

Sasa tumekwisha rejea kwetu Pangani. Jioni ya kwanza watoto walikwenda kusimama ukingoni mwa mto, hapo unapotutenga na Bweni kabla ya kuingia baharini. Binti yetu alichota maji kwa kiganja, akayatazama, akayarudisha mtoni taratibu. Hatukumwuliza sababu.