Ng'ombe Akichomwa Sindano, Maziwa Yasubiri

Wengi wetu tumewahi kuliona jambo hili: mama anaweka maziwa yagande, siku zinapita, mtindi haupatikani. Lawama inakiangukia kibuyu, kumbe huenda ng'ombe alichomwa sindano ya antibiotiki. Dawa iliyoingia katika maziwa imeua vijidudu vinavyogandisha mtindi. Na dawa hiyo hiyo watoto wetu wanainywa katika chai.

Antibiotiki ni dawa za kuua bakteria. Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka 1928. Mwaka 1945 yeye mwenyewe alionya kwamba bakteria wakipata dozi isiyotosha kuwaua, huizoea dawa. Ndivyo inavyotokea tunapomchoma ng'ombe nusu dozi, au tunapotia unga wa tetrasaiklini katika maji ya kuku wazima "wasije wakaugua". Bakteria dhaifu hufa, sugu hubaki na kuzaana. Hutufikia kwa nyama isiyoiva, mayai mabichi, maji machafu na mikono yenye samadi. Siku mtoto akiugua, dawa ya zahanati haimponyi. Kwa sababu hiyo, mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliwashauri wafugaji waache kuwapa wanyama wazima antibiotiki kama desturi.

Je, kuchemsha kunatosha? Kuchemsha maziwa huua vijidudu, wala tusiache kuchemsha. Lakini hakuondoi dawa yote. Mtu ambaye mwili wake haupatani na penisilini anaweza kudhurika.

Basi tufanye nini?

1. Tumwite bwana mifugo kabla ya kukimbilia duka la dawa. Mdondo wa kuku, kwa mfano, huletwa na virusi, na antibiotiki haiutibu. Kinga yake ni chanjo.

2. Tutoe dozi kamili kama tulivyoelekezwa.

3. Tusome karatasi ya chupa. Imeandikwa siku za kusubiri kabla ya kutumia maziwa, mayai au nyama. Siku hizo tusinywe wala tusiuze.

4. Tuweke banda safi, na tunawe mikono na kuosha kiwele kabla ya kukamua. Ugonjwa wa kiwele utapungua, na sindano pia.

Tunajua kumwaga maziwa kunauma. Ni sabuni, ni daftari la mtoto. Lakini mnunuzi haioni dawa kwa macho, anatuamini tu. Na mara nyingi mnunuzi huyo ni jirani yetu, anayempelekea mwanawe kikombe cha asubuhi.